Sebule Isiyokanyagwa

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Najua simu yangu ya Jumapili hukuisikia. Nilikusikia ukiuliza "Nani? Nani?", halafu ukamwambia mtu pembeni kwamba ni wale wauza vifurushi, ukakata. Basi turudi kwenye karatasi, kama nilipokuwa shule ya bweni. Masikio yako yamestaafu kabla yako, lakini macho bado yanatunga uzi kwenye sindano ya makochi, kwa hiyo nakuletea cha kutazamwa.

Ndani ya bahasha kuna picha. Hizi si zile za kazini. Za kazini unazijua: kampuni inanituma kwenye nyumba zinazotafuta wapangaji, napiga jiko, napiga bafu, natafuta pembe ya kufanya chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Hizi nazipiga kwa ajili yangu mwenyewe. Moja ni chumba cha kusubiria cha zahanati iliyofungwa kwa ukarabati. Nyingine ni darasa wakati wa likizo, na nyingine ni ukumbi wa kulia wa hoteli ambayo haipati wageni tena. Hamna mtu humo, na ndivyo ninavyotaka. Nataka anayetazama ahisi kwamba ameingia mahali na wote wameshaondoka bila kumuaga.

Sasa habari yenyewe: kituo cha sanaa cha mji huu kimekubali kunifanyia maonyesho. Yangu peke yangu, Baba! Mkurugenzi alizitazama moja moja, kisha akasema zinamtia baridi mgongoni. Ila ameona kuna kitu kinakosekana. Vyumba vyote ni vya watu nisiowajua, na amesema kweli. Ningepata sebule moja ninayoijua ilivyokuwa na watu, ikiwa tupu kabisa, ningeifuata hata kwa miguu.

Kwenye kumbukumbu ya Mama sitaweza kuja mwaka huu pia. Kazi zimenibana. Nitakuja nikipata nafasi. Msalimie Shangazi, mwambie asininunie.

Mwanao,
Kitindamimba


15 Februari

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba. Kumbe muuza vifurushi alikuwa wewe? Pole sana. Yule mtu ananisumbua kila siku, na Jumapili hiyo nilikuwa nimejiandaa.

Picha nimezitazama mchana kutwa. Nitakuambia ukweli, maana sijawahi kukusifia kwa kukudanganya: kwanza nilidhani watu walichelewa. Nikasema maskini mwanangu, kafika mapema na kamera yake, wenye chumba hawakutokea, naye kwa aibu akapiga hivyohivyo. Shangazi yako alipozishika aliuliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hajafa mtu, hii ni sanaa. Akasema sanaa gani isiyokuwa na hata paka. Debe tupu haliachi kuvuma, ndivyo tulivyofundishwa, lakini vyumba vyako, mwanangu, vimenyamaza mpaka mtu anatamani kukohoa.

Ile ya zahanati haijanitoka. Mabenchi yote yanatazama mlango. Wakati wa kula niliilaza kifudifudi mezani, kisha nikaigeuza tena niitazame. Maisha yangu yote nimetengeneza mahali pa watu kukaa. Nikiona kiti, mkono wenyewe unaanza kumtafuta wa kukikalia. Sasa wewe, damu yangu, unasafiri mbali kufuata viti visivyo na mtu. Sikulaumu. Nashangaa tu jinsi Mungu anavyogawa.

Hapa hatujambo. Wazee wa karata wanakuja kila alasiri, wanajitandaza kwenye makochi ya bluu ambayo mama yako alichagua kitambaa chake, wananila mchana kweupe ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kinyozi ndiye mwizi wao mkuu.

Jambo moja nataka kuuliza. Umeandika kwamba ukipata sebule tupu unayoijua utaifuata hata kwa miguu. Hayo ni maneno ya barua tu, au ni kweli?

Baba yako,
Fundi


27 Februari

Baba,

Shikamoo. Ni kweli kabisa. Lakini nakujua, usianze kufikiria sebule yetu! Mle hata mende anapita ubavuubavu. Makochi, kabati la vyombo, meza ya karata, kiti cha Mama cha kufumia, redio mbili na zote umekataza zisitupwe. Labda nitampata mtu anayehama nyumba hapa mjini, mtu ambaye nimewahi kunywa chai kwake.

Umesema unashangaa. Ngoja nijaribu kueleza. Chumba chenye watu kinakuzungumzisha papo hapo. Chumba kitupu kinakusubirisha. Unasimama mlangoni, unahisi kuna mtu yuko njiani, na haji. Hali hiyo naijua, Baba, inanikaa kifuani. Nikiipiga picha inatulia kidogo. Zaidi ya hapo sijui nisemeje.

Maonyesho ni mwezi wa tano. Nimebakiwa na ukuta mmoja tu, ule wa mwisho.

Mwanao,
Kitindamimba


16 Machi

Mwanangu,

Njoo. Sebule iko tupu.

Usinicheke. Nilikuwa nataka kupaka rangi siku nyingi, nikaona heri nimalizane nayo. Vitu nimevipeleka mahali, usijali. Nimezisoma picha zako vizuri nisije nikakosea. Hazina mapazia, nimeyatoa. Hazina kalenda, nimeitoa, lakini msumari wake nimeuacha, kwa sababu na ile ya darasani ina msumari. Jua la alasiri linaingia kwa dirisha la upande wa jikoni, linafika hadi pale lilipokuwa kabati. Shangazi yako alipoingia akasema "Hodi", sauti yake ikagonga ukuta ikamrudia. Akashtuka, akatoka nje. Nadhani kwa kipimo chako hiyo ni alama nzuri.

Unakuja lini?

Baba yako,
Fundi


25 Machi

Baba wewe!

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama posta, nikacheka peke yangu hadi karani akaniangalia. Na msumari umeuacha! Huo msumari ndio picha yenyewe.

Nakuja mwanzoni mwa Aprili. Nina ombi moja, na ujue ni la fundi kwa fundi. Usirudishe kitu hata kimoja, na watu wasiingie. Ile sakafu nyekundu inashika kila alama, unakumbuka Mama alivyokuwa akitufukuza tusiikanyage. Kama inawezekana isikanyagwe kabisa. Vumbi likitua lenyewe, mwanga ukilipitia, chumba kinakuwa kama kimesahauliwa. Hicho ndicho ninachokitafuta siku zote.

Mwambie Shangazi namletea zawadi.

Mwanao,
Kitindamimba


9 Aprili

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Kampuni imepata jengo jipya na inataka picha za kila chumba kabla halijafunguliwa. Nikikataa watampa mwingine. Nitakuja mwishoni mwa mwezi bila kukosa.

Sebule iache hivyohivyo tu. Si unaweza?

Mwanao,
Kitindamimba


17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Naweza.

Fanya kazi za watu kwa utulivu, usiharakishe kwa ajili yangu. Sakafu iko vilevile, naichungulia dirishani kila asubuhi. Vumbi limetua vizuri. Wazee wa karata wamehamia kwa kinyozi, na afadhali, masikio yangu yamepumzika, hayo machache yaliyobaki. Siku hizi naongea na redio. Ile mbovu ndiyo msikivu zaidi.

Mvua zimeanza. Mimi mzima, ni kikohozi kidogo tu.

Baba yako,
Fundi


20 Aprili

Kitindamimba,

Salamu utazipata mwishoni, zikibaki.

Mimi si mtu wa barua, na baba yako amenikataza kuandika hii, kwa hiyo ujue naiandika kwa makusudi. Vitu vya sebuleni alikuambia amevipeleka mahali. Unajua ni wapi? Amevigawa. Kabati la vyombo liko kwa jirani mwenye mapacha. Kochi moja la bluu liko kwa kinyozi, wateja wanalikalia wakisubiri zamu, na la pili analo mwalimu. Meza ya karata imemfuata kinyozi. Kiti cha mama yako cha kufumia kiko kwangu, maana nilimwambia kaka yangu kwamba siku kiti hicho kitakapotoka nje ya ukoo, nitalala mlangoni wanipite juu. Nilimuuliza kwa nini asiviweke tu uani, avifunike turubai. Akanijibu, "Akiviona nje atajua ni mchezo. Anataka tupu ya kweli."

Hilo nalo si kitu. Nyumba ile umezaliwa humo, unaijua. Jiko huku, chumba chake kule, sebule katikati. Uliandika sakafu isikanyagwe. Basi baba yako haikanyagi. Akitaka chai anatoka kwa mlango wa nje wa chumbani kwake, anaizunguka nyumba nzima, anaingilia jikoni. Anakunywa amesimama. Kisha anazunguka tena kurudi. Kwa mvua hizi, Kitindamimba! Mtu aliyekula chumvi nyingi kiasi kile anazunguka nyumba yake mwenyewe kama mwizi anayetafuta dirisha. Hicho "kikohozi kidogo" kimemlaza tangu juzi. Daktari amekuja, amesema ni kifua, ametoa dawa, amesema mzee akae pakavu. Nikamwambia, Kaka, pita ndani basi. Akasema, "Bado siku chache. Anakuja."

Barua yako ya kuahirisha alinisomea kwa sauti, ile sehemu ya kuahirisha akairuka. Nilikuja kuisoma mwenyewe alipokwenda dukani.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wewe umesimama mlangoni na kamera mwaka wa ngapi sasa? Hujatia mguu hapa tangu tumzike mama yako. Baba yako hajui sanaa, na mimi ndiyo kabisa. Alichoelewa katika barua zako ni kimoja tu: mwanawe huenda mahali ambapo hapana mtu. Basi akajaribu kukutengenezea mahali hapo.

Nina hasira na wewe, na ninakupenda. Salamu zimebaki kidogo, hizi hapa.

Shangazi yako


25 Aprili

Baba,

Ingia ndani.

Pita katikati ya sebule na viatu vyako vya matope. Buruta miguu ukipenda. Ukifika jikoni, rudi kwa njia ileile. Barua hii nimempa dereva wa basi aifikishe kwa Shangazi, nami nafuata basi la kesho yake. Sijaomba ruhusa kazini. Watampa mwingine, na wampe.

Uliuliza kwa nini napiga vyumba vitupu nikakujibu kwa mafumbo. Jibu ni hili. Siku wafiwa wenzetu walipoondoka, wewe ulikuwa umelala. Nilitoka chumbani nikakuta sebule haina mtu. Makochi yamesukumwa ukutani, vikombe vimeoshwa, mapazia yamefungwa mafundo. Nikasimama pale namsubiri Mama atoke jikoni aniulize nimesimama nini na kazi zipo. Nilisimama mpaka miguu ikaniuma. Kesho yake nikapanda basi. Tangu hapo kila chumba ninachokipiga ni kilekile, na niliogopa kurudi kukikuta kikinisubiri. Sikufikiria kwamba ndani ya hicho chumba nilikuwa nimekuacha wewe. Naona uchungu sana, Baba.

Kamera naiacha huku.

Mwanao,
Kitindamimba


22 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, na dawa ya kifua umalize chupa nzima, usiyamwagie maua. Nimekuona.

Tangu niondoke nacheka na kulia kwa zamu. Sitasahau ulivyosimama kizingitini na shuka mabegani, umenyoosha mkono kunizuia: "Vua viatu, utaharibu picha!" Barua yangu uliisoma na bado hukupita. Ilibidi nikushike mkono tuvuke wote wawili, wewe ukinyata kwenye sakafu yako kama mtoto anayeiba sukari. Halafu Shangazi na tangazo lake mtaani, eti kila anayekuja kumsalimu mtoto aje na cha kukalia, nyumba haina viti. Kinyozi akaingia kinyumenyume na kochi, mwalimu nyuma yake na la pili, baba wa mapacha anahema na kabati. Kabati ni la kukalia? Nikamuuliza, akasema yeye aliambiwa aje na kitu. Kufika alasiri hapakuwa na pa kupitisha mguu.

Kazini walimpa mwingine lile jengo, ila kazi yangu ingali yangu.

Maonyesho yamefunguliwa jana. Siku moja kabla, mkurugenzi aliniuliza picha ya ukuta wa mwisho. Nikamwambia sinayo. Akasema, si ulipata sebule? Nikamwambia nilipata, lakini imejaa. Alikasirika, kwa haki yake. Mwishowe akaagiza benchi liletwe liwekwe pale ukutani, pengo lisionekane sana. Baba, lilikaliwa muda wote. Watu walizunguka wakatazama vyumba vyangu, nyuso zikawabadilika kama nilivyotaka, kisha wakaenda kukaa pale, wasiojuana, wakaanza kuzungumza. Mama mmoja alimshikia mwenzake mtoto. Nilisimama kwa mbali nikitamani ungewaona.

Nakuja tena mwezi wa nane. Sahani yangu usimpe mtu.

Mwanao,
Kitindamimba


2 Juni

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba. Kifua kimepona. Mgeni njoo mwenyeji apone, ingawa wewe si mgeni, na Shangazi amesema ukijiita mgeni tena atakutoza kiti.

Vitu vyote vimebaki isipokuwa kochi la kinyozi. Amelibeba tena, anasema wateja wamegoma kunyolewa wakitokea kwenye benchi. Nimefungua karakana, naitengenezea sebule yetu kochi jingine. Mbao nimeshakata, leo nafunga springi. Wazee wa karata wanakuja kunisimamia, yaani wanakaa wananiangalia nikitoka jasho.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa. Kila nilipotaka kulisema, mtu anabisha hodi. Uliandika kwamba siku ile baada ya mazishi nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa macho kitandani, mlango haukufungwa vizuri, na nilikusikia umesimama sebuleni. Wakati huo masikio yalikuwa mazima. Nikasema moyoni, ataingia sasa hivi. Wewe ulikuwa unamsubiri mama yako, mimi nilikuwa nakusubiri wewe. Nilitaka kukuita nikaogopa sauti haitatoka. Tumepoteza miaka, mwanangu, kwa mlango uliokuwa wazi. Siku nyingine tukisimama hivyo, wa kwanza kukohoa amwite mwenzake.

Zile picha zako nimezitundika sebuleni, zinayatazama makochi. Ile ya zahanati iko kwenye msumari wa kalenda. Mabenchi yake sasa yanatutazama tukicheza karata, na sioni tena haja ya kuyalaza kifudifudi.

Jana Shangazi yako aliuliza, "Na picha ya sebule ilitokaje?" Nikamwambia hukuipiga. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Kaka! Umegawa vyombo vya ndani, umenyeshewa, umeugua, na picha yenyewe hamna? Basi umehangaika bure!"

Nikamwambia, "Si bure. Alikuja."

Baba yako,
Fundi